Kutoka Sendai hadi Juu ya Paa: Historia ya Antena Elekezi na Upanuzi wa Wifi ya Nyumbani

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya antena elekezi tangu majaribio ya Heinrich Hertz mwaka 1888 hadi matumizi yake katika kupanua eneo la wifi nyumbani. Hoja kuu ni kwamba antena elekezi haizalishi nguvu mpya, bali hugawa upya nguvu iliyopo. Kwa hiyo, kila hatua ya historia yake imekuwa hatua ya kuchagua: upande upi uhudumiwe na upande upi uachwe. Insha inaonesha pia kwamba uchaguzi wa namna hiyo ulifanyika katika kuwatambua wavumbuzi wenyewe, ambapo jina la Hidetsugu Yagi lilienea duniani ilhali jina la Shintaro Uda, aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio, lilibaki nyuma kwa miaka mingi.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetaka wifi ya sebuleni ifike kwenye banda la uani, au kwenye nyumba ya jirani yake ng'ambo ya shamba, kwa kawaida huanza kwa kutafuta ruta yenye nguvu zaidi. Fikra hiyo inaeleweka, kwani taa hafifu hubadilishwa kwa taa kali. Hata hivyo, historia ya mawasiliano ya redio inaonesha kwamba kwa zaidi ya karne moja wataalamu wamepata njia nyingine ya kufika mbali, yaani kuyaelekeza mawimbi upande mmoja badala ya kuyatawanya pande zote. Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka. Antena inayorusha kila upande hufika karibu tu katika kila upande. Antena inayochagua upande mmoja hufika mbali, lakini hulipa gharama ya kuziacha pande nyingine.

Insha hii imegawanyika katika sehemu nane, pamoja na utangulizi huu. Sehemu ya pili inaeleza chanzo cha wazo la kuelekeza mawimbi. Sehemu ya tatu na ya nne zinajadili uvumbuzi wa Sendai na hatima yake vitani. Sehemu ya tano inahusu antena za runinga juu ya mapaa, zikiwemo za pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu ya sita na ya saba zinahusu wifi, na sehemu ya mwisho ni hitimisho.

2.0 Chanzo cha Wazo: Bati la Zinki na Mawimbi Mafupi

Heinrich Hertz alipothibitisha kuwapo kwa mawimbi ya sumakuumeme huko Karlsruhe, Ujerumani, hakuishia kuonesha kwamba yapo. Mwaka 1888 alikunja mabati ya zinki katika umbo la kioo cha taa, akaweka kirushaji mbele ya bati moja na kipokezi mbele ya jingine. Kwa namna hiyo alionesha kwamba mawimbi hayo huakisiwa, hupinda na hukusanywa kama mwanga. Kwa hiyo antena elekezi ina umri sawa na redio yenyewe.

Wazo hilo hata hivyo liliachwa kwa muda. Guglielmo Marconi, aliyeanza majaribio yake Italia katika miaka ya 1890, alibaini kwamba mawimbi marefu yalifika mbali kuliko mafupi. Mnamo Desemba 1901 alitangaza kupokea ishara huko Newfoundland kutoka Poldhu, Uingereza. Mafanikio hayo yalizielekeza nchi na kampuni kwenye mitambo mikubwa ya mawimbi marefu, yenye minara mirefu na nguvu nyingi za umeme. Kioo cha kuakisi wimbi lenye urefu wa mamia au maelfu ya mita kingelazimika kuwa kikubwa kuliko kijiji, hivyo kuelekeza mawimbi kwa mtindo wa Hertz hakukuwezekana.

Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1920. Marconi na mhandisi wake Charles Franklin walirudi kwenye mawimbi mafupi na kujenga safu za nyaya zilizoelekeza mawimbi kama mwali. Mwaka 1926 huduma ya namna hiyo ilifunguliwa kati ya Uingereza na Kanada, na mwaka 1927 ikafika Australia, Afrika Kusini na India. Mitambo hiyo ilitumia umeme kidogo kuliko ile ya mawimbi marefu, lakini bado ilikuwa ya dola na kampuni kubwa. Hakuna mwananchi wa kawaida aliyeweza kuifunga juu ya paa lake.

3.0 Yagi, Uda na Fimbo Zisizoungwa na Waya

Antena iliyofika kwenye mapaa ya watu ilitoka Sendai, kaskazini mashariki mwa Japani. Hidetsugu Yagi alizaliwa Osaka mwaka 1886, akasoma na kufanya utafiti Ujerumani, Uingereza na Marekani, kisha akarudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku. Shintaro Uda, aliyezaliwa mwaka 1896, alifanya kazi chini yake katika maabara hiyo.

Walichogundua kilikuwa kitu cha kushangaza kwa wepesi wake. Fimbo moja ya chuma yenye urefu wa karibu nusu ya wimbi huunganishwa na mtambo. Nyuma yake huwekwa fimbo ndefu kidogo, ambayo ni kiakisi, na mbele yake fimbo fupi kidogo, ambazo ni vielekezi. Kiakisi na vielekezi havina waya wowote unaoviunganisha na mtambo. Hupokea mawimbi ya fimbo ya kwanza, kisha huyarusha upya. Kwa kuwa urefu wao umepishana kidogo na nusu ya wimbi, mawimbi wanayoyarusha huchelewa au kutangulia kwa kiasi ambacho huyafanya yajumlishane upande wa mbele na kufutana upande wa nyuma. Vielekezi vikiongezwa, mwali huwa mwembamba na hufika mbali zaidi.

Mwaka 1926 Yagi na Uda walichapisha pamoja taarifa fupi kwa Kiingereza kuhusu kifaa hicho, na Uda akaendelea kutoa kwa Kijapani mfululizo wa makala zilizoeleza vipimo vyake kwa kina. Hataza, hata hivyo, iliombwa kwa jina la Yagi peke yake. Mwaka 1928 Yagi alichapisha nchini Marekani makala ya Kiingereza iliyosomwa sana. Katika makala hiyo aliitaja kazi ya Uda, lakini wasomaji wa Magharibi, ambao hawakuwa wakisoma Kijapani, waliondoka na jina moja tu. Hivyo ndivyo kifaa hicho kilivyoitwa antena ya Yagi.

Suala hili halipaswi kuchukuliwa kuwa la heshima ya mtu mmoja tu. Linaonesha jinsi lugha ya uchapishaji na umiliki wa hataza vinavyoamua nani akumbukwe. Makala za Uda zilikuwa na vipimo vingi zaidi, lakini zilikuwa katika lugha ambayo wenye mamlaka ya kutoa majina hawakuisoma. Watafiti wanaoandika sayansi kwa Kiswahili wana sababu ya kulitafakari jambo hilo. Katika miongo iliyofuata wataalamu walianza kurekebisha kosa hilo kwa kuiita antena ya Yagi-Uda, na jina hilo ndilo linalotumika leo katika vitabu vingi. Yagi na Uda walifariki mwaka mmoja, 1976.

4.0 Mtume Hakubaliki Kwao

Jeshi la Japani halikuona haraka umuhimu wa kifaa kilichovumbuliwa nyumbani. Nchini Uingereza na Marekani, kinyume chake, antena hiyo ilipata kazi katika rada, ikiwemo rada za ndege zilizotafuta manowari na meli baharini.

Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani Februari 1942, wataalamu wao walikuta miongoni mwa vitu vilivyotekwa maandishi ya Mwingereza mmoja kuhusu rada. Neno "Yagi" lilijirudia ndani yake, na Wajapani hawakulielewa. Inasimuliwa kwamba mateka aliyeyaandika alipoulizwa maana yake, alijibu kwa mshangao kwamba hilo lilikuwa jina la mvumbuzi Mjapani. Methali isemayo mtume hakubaliki kwao haikuhitaji mfano bora zaidi.

Mwisho wa kisa hicho ni mzito. Mabomu ya atomiki yaliyodondoshwa Hiroshima tarehe 6 Agosti na Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945 yalibeba rada ndogo za kupima umbali kutoka ardhini, ili yalipuke hewani katika kimo kilichopangwa. Rada hizo zilitumia antena za aina ya Yagi. Kifaa kilichozaliwa katika maabara ya Sendai kwa ajili ya mawasiliano kilirudi Japani kikiwa sehemu ya silaha. Kinachodhihirika hapa ni kwamba antena huchagua upande wa mwali, lakini haichagui kazi ya mwali huo. Kazi hiyo huchaguliwa na watu.

5.0 Antena Juu ya Mapaa

Baada ya vita, runinga iliifanya antena ya Yagi-Uda kuwa chombo cha kila nyumba. Mji baada ya mji, mapaa yaliota fimbo za alumini zilizoelekezwa upande wa mnara wa kurushia matangazo.

Afrika Mashariki ilishiriki historia hiyo kwa namna yake. Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Televisheni ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1973, nayo inatajwa kuwa ya kwanza ya rangi katika Afrika Kusini mwa Sahara. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi miaka ya 1990. Katika kipindi hicho cha katikati, waliomiliki runinga Dar es Salaam walielekeza antena zao baharini, upande wa Unguja, umbali wa takribani kilomita 70. Kwa umbali kama huo kimo kilikuwa na uzito sawa na mwelekeo, kwa sababu mawimbi ya televisheni husafiri karibu na mstari ulionyooka na mviringo wa dunia huyazuia. Ndiyo maana antena ziliinuliwa kwa mabomba marefu yaliyofungwa kwa nyaya.

Kazi ya kuelekeza antena ilihitaji watu wawili. Mmoja alipanda juu ya paa na kulizungusha bomba taratibu. Mwingine alisimama dirishani akitazama kioo cha runinga na kupaza sauti ya kumwongoza aliye juu, mpaka chenga zilipopungua na picha ikatulia. Maarifa hayo hayakuandikwa, lakini yalikuwa maarifa kamili: zungusha kidogo kidogo, pita kidogo mahali penye picha bora, kisha rudi. Uhamaji kutoka analojia kwenda dijitali, ulioanza Tanzania kwa kuzimwa mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ulileta ving'amuzi ndani ya nyumba. Hata hivyo, kwa wanaopokea matangazo ya minara ya ardhini, antena ya fimbo ilibaki juu ya paa, kando ya ungo wa setilaiti.

6.0 Masafa Huria na Kuja kwa Wifi

Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu matumizi ya mawasiliano yasiyohitaji leseni katika sehemu tatu za masafa, mojawapo ikiwa karibu na gigahezi 2.4. Masafa hayo yalikuwa yameachiwa vifaa vya viwandani, hospitalini na jikoni, yakiwemo majiko ya mikrowevu, na yalionekana hayana thamani kubwa. Juu ya msingi huo kilijengwa kiwango cha 802.11 mwaka 1997, kisha 802.11b mwaka 1999, kilichofikisha kasi ya megabiti 11 kwa sekunde. Mwaka huohuo jina la kibiashara Wi-Fi lilianza kutumika.

Wifi ilikusudiwa kwa vyumba vya ofisi na nyumba, ndani ya umbali wa makumi ya mita. Watumiaji hawakukubali mpaka huo. Katika gigahezi 2.4 urefu wa wimbi ni sentimita 12.5 tu, hivyo fimbo ya nusu ya wimbi ina urefu wa karibu sentimita 6. Antena iliyohitaji bomba la mita kadhaa wakati wa Uda iliweza sasa kutengenezwa juu ya meza. Mwaka 2001 Rob Flickenger alieleza jinsi ya kutengeneza antena elekezi kwa kopo la viazi vya Pringles, akitumia fimbo yenye pete za chuma zilizofanya kazi ya vielekezi. Wengine walifuata kwa makopo mapana zaidi ya vyakula.

Majaribio ya umbali mrefu yalifuata. Nchini Venezuela, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vilele vya milima kwa vifaa vya kawaida vya wifi na antena kubwa za ungo, wakafikia kilomita 279 mwaka 2006 na kilomita 382 mwaka 2007. Jambo la kujifunza ni kwamba antena peke yake haikutosha. Wimbi huchukua zaidi ya milisekunde 1 kuvuka kilomita 382, ilhali ruta ya nyumbani hungoja jibu kwa muda mfupi mno kuliko huo. Ilibidi programu zirekebishwe ili kifaa kisidhani kwamba ujumbe umepotea.

Faida ya teknolojia hiyo ilionekana wazi nchini India. Katikati ya miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walishirikiana na hospitali ya macho ya Aravind katika jimbo la Tamil Nadu. Vituo vya vijijini viliunganishwa na hospitali kwa wifi ya antena elekezi, na daktari akaweza kumwona mgonjwa kwa video bila mgonjwa kusafiri. Karibu na nyumbani, mtandao wa jamii wa TunapandaNET huko Kibera, Nairobi, umetumia viungo vya redio kuziunganisha shule na vituo vya vijana. Katika mifano yote miwili, aliyekuwa nje ya eneo la huduma alifikiwa kwa sababu kuna mtu aliyeamua kuelekeza antena upande wake.

7.0 Kuelekeza Antena ya Nyumbani

Historia iliyoelezwa inasaidia kuelewa kwa nini antena ya nyumbani hufaulu au hushindwa. Fimbo ya kawaida ya ruta hurusha mawimbi kwa wingi kuzunguka ubavu wake na kwa uchache kupitia ncha yake. Mwenye nyumba anayeilaza fimbo hiyo ili ncha yake ielekee chumba cha mbali anakielekezea chumba hicho upande ulio dhaifu kuliko pande zote.

Antena elekezi hurekebisha hali hiyo kwa masharti. Sharti la kwanza ni njia iliyo wazi. Katika nafasi huru, kila umbali unapozidishwa mara mbili ishara hupungua kwa desibeli 6, yaani hubaki robo. Kuta za zege na miti yenye majani mabichi hupunguza zaidi. Bati la paa, kama lile la zinki la Hertz, huyarudisha mawimbi yalikotoka. Kwa sababu hiyo, antena iliyofungwa ndani ya dari chini ya mabati huzuiwa na paa lilelile lililotarajiwa kuiinua. Hufaa iwekwe nje, chini ya ukingo wa paa au juu yake.

Sharti la pili ni kimo. Kuona nyumba ya pili kwa macho hakutoshi, kwa kuwa wimbi huhitaji nafasi pana kuzunguka mstari wa macho. Kwa umbali wa mita 100 katika gigahezi 2.4, nafasi hiyo katikati ya njia hufikia karibu mita 1.8 kila upande wa mstari. Ukuta wa uzio au paa la banda likiingia ndani ya nafasi hiyo, ishara hudhoofika ijapokuwa macho yanaona.

Sharti la tatu ni mkao. Fimbo za antena mbili zinazowasiliana zinapaswa kulingana: zote wima au zote mlalo. Moja ikisimama na nyingine ikilala, sehemu kubwa ya ishara hupotea. Sharti la nne ni waya. Waya mwembamba wa antena hupoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita katika masafa haya, na waya wa mita 10 unaweza kumaliza faida yote ya antena. Ni heri kuipeleka ruta karibu na antena kuliko kuurefusha waya.

Uelekezaji wenyewe haujabadilika tangu enzi ya runinga. Antena huzungushwa kidogo kidogo huku mtu mwingine akisoma kiwango cha ishara. Hupitishwa mahali palipo bora, kisha hurudishwa. Tahadhari moja inahitajika. Antena ya Yagi-Uda ina mwali mkuu na miali midogo pembeni, na mtu anayeridhika na ongezeko la kwanza huenda ameufunga mwali wa pembeni. Ni lazima azungushe hadi auone mwali mkuu.

Mwisho ni sheria. Kubana mwali huongeza nguvu inayofika upande mmoja, na kwa sababu hiyo mamlaka za nchi huweka kikomo. Katika nchi nyingi za Ulaya kikomo cha wifi ya gigahezi 2.4 ni miliwati 100, faida ya antena ikiwa imehesabiwa, ilhali Marekani huruhusu zaidi. Kikomo hicho humlinda jirani, ambaye ruta yake hutumia masafa yaleyale. Kuna faida moja ambayo haimdhuru mtu: antena elekezi husikia vizuri kama inavyorusha, na hupunguza kelele za pande nyingine. Nguvu ya kurusha inaweza kushushwa na mawasiliano yakabaki mazuri, kwa kuwa masikio yamekuwa makali.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba njia ya antena elekezi kutoka bati la Hertz hadi ukuta wa nyumba haikunyooka. Wazo liliachwa, likarudi; likapuuzwa kwao, likathaminiwa ugenini; likatumika kuua, kisha likatumika kumwonesha mgonjwa wa kijijini kwa daktari wake. Ruta za sasa zina antena nyingi, na viwango vilivyotoka tangu mwaka 2013 huziwezesha kuelekeza mawimbi zenyewe kwa hesabu. Maendeleo hayo hayajaondoa zege, miti wala mabati, na kwa umbali wa uani au wa shamba antena iliyofungwa vizuri nje ya nyumba bado ina nafasi yake.

Katika antena ya Yagi-Uda, fimbo moja tu ndiyo inayounganishwa na mtambo. Nyingine hazigusi waya, lakini bila hizo hakuna mwelekeo. Historia ya uvumbuzi huo ilimtaja kwa muda mrefu yule aliyeunganishwa na hataza na lugha ya Kiingereza. Kulitamka jina la Uda pamoja na la Yagi ni kuisimulia kazi hiyo kama ilivyofanyika.